Bwana Njiti Hana pa Kulala

Wenzangu mliokua wakati kizibo cha soda kilifunguliwa kwa meno, na mama akakukemea kwa ajili ya meno wala si kwa ajili ya soda, ninyi mtanielewa. Wengine kaeni tu msikilize. Enzi hizo mtoto wa Makongeni hakununuliwa treni ya kuchezea. Angenunuliwa ya nini, wakati treni yenyewe ilipita karibu na nyumba ikitingisha vikombe kabatini, na baba yake ndiye aliyeikagua asubuhi kabla haijaondoka? Makongeni yetu ya Nairobi ilikuwa mtaa wa wafanyakazi wa reli na familia zao. Tuliwahurumia sana watoto wa mitaa mingine wenye vitreni vya plastiki vinavyozunguka meza mara tatu na kufa betri. Sisi tulikuwa na reli yetu.

Tuliiita Reli Ndogo. Ilikuwa nyuma ya laini yetu ya nyumba, pale kamba za kuanikia nguo zilipoishia, kwenye kipande cha ardhi ambacho hakuna mama aliyekitaka kwa sababu kilijaa kokoto. Kokoto hizo hizo ndizo zilizotuleta. Reli bila kokoto ni nini? Vyuma vyake vilikuwa ile mikanda ya bati inayofungia makasha, tuliyoinyoosha kwa jiwe mpaka vidole vikavimba. Mataruma ya kulalia vyuma hivyo yalikuwa vijiti vya aiskrimu tulivyookota nje ya uwanja wa mpira. Mabehewa yalikuwa mikebe ya sadini yenye magurudumu ya vizibo vya soda. Treni ilisukumwa kwa mkono, na aliyeisukuma alitakiwa alie kama treni kwa mdomo wake mwenyewe. Ukinyamaza katikati ya safari, ulihesabiwa umeharibika, na mwingine alichukua zamu.

Lakini treni ilikuwa kazi ndogo. Kazi kubwa ilikuwa kujenga majengo ya kando ya reli. Hapo ndipo mtu alipojulikana yeye ni nani.

Kwa wale waliosahau, wacha niwakumbushe jinsi bati linavyotengenezwa. Unachukua karatasi ya fedha iliyo ndani ya pakiti ya sigara. Unailaza juu ya kitana chenye meno ya karibu karibu, kisha unapitisha ukucha wa kidole gumba polepole kwenye kila pengo. Ukiiinua, una bati la mikunjo, sawasawa na lile lililo juu ya kichwa chako ulipokaa. Ukitaka lionekane kuukuu, unachovya kitambaa kwenye polishi nyekundu ya sakafu iliyozimuliwa kwa mafuta ya taa, unapaka kidogo pembeni, na kutu inatokea. Vioo vya madirisha vilikuwa ile karatasi angavu ya nje ya pakiti. Kuta zilikuwa katoni ya sabuni iliyokatwa kwa wembe, na mvua ikitishia tulifunika mji mzima kwa nailoni. Gundi ilikuwa uji mzito wa unga wa ngano, na ukikosa ngano, ugali wa jana. Rafiki yangu Kamau, aliyekaa mlango wa tatu kutoka kwetu, aliwahi kujenga bohari la mizigo zuri sana, tukaamka asubuhi tukakuta panya wamelila kuanzia pembeni mpaka mlangoni. Alikuwa amelibandika kwa ugali, na ugali wa mama yake ulisifika mtaa mzima.

Mama zetu waliteseka. Polishi iliisha kabla ya mwezi, mafuta ya taa yalipungua kwenye stovu, na viwembe vya baba vilikuwa butu kila alipotaka kunyoa. Nakumbuka Mama akinusa kitana chake siku moja akijiandaa kwenda kanisani.

"Nafula, humu ndani ni nani anavuta sigara?" akaniuliza. "Ni wewe ama ni hiki kitana?"

Reli Ndogo ilikuwa na mkubwa wake. Aliitwa Owino, na baba yake alifanya kazi kwenye kibanda cha ishara, kule wanakovuta zile nondo ndefu za kufungulia treni njia. Owino alivaa kofia kuukuu ya kazi ya baba yake, ikamfika masikioni, na akajiita Inspekta. Hakuna aliyemchagua. Lakini kofia ilikuwa yake, na wenye kofia huwa hawachaguliwi.

Mfukoni Inspekta alibeba njiti moja ya kibiriti iliyokwisha kuungua. Hiyo ndiyo iliyokuwa mtu wa Reli Ndogo, na sote tulimwita Bwana Njiti. Jengo lolote lililoletwa lilipimwa kwa Bwana Njiti. Alisimamishwa mlangoni: akipita wima bila kugonga kichwa na bila mlango kumzidi sana, jengo limepita. Akikwama, unarudi nalo nyumbani. Jengo likipita, lilipewa kiwanja kando ya reli, na jina la mwenyewe likachongwa chini yake kwa wembe. Kuanzia siku hiyo wewe ni mtu wa Reli Ndogo, na jengo lako halikuondolewa tena hata ukigombana na kila mtu.

Mimi sikuwa na jengo. Nilikuwa fundi wa mabati. Vidole vyangu vilikuwa vyembamba, nikajua kukunja ile karatasi ya fedha bila kuichana, basi kila mwenye jengo aliniletea paa nimfanyie. Tangi la maji la Kamau, lililojengwa kwa kopo la maziwa juu ya miguu ya vijiti, paa lake mimi. Kibanda cha ishara cha Owino, paa mimi. Kibanda cha makaa ya mawe, mimi. Ungeiangalia Reli Ndogo kutoka juu, kama ndege, ungeona kazi yangu tupu. Ukiyapindua majengo uangalie majina, mimi simo. Sikujali, maana nilijua siku zipo.

Kisha siku zikawa hazipo.

Baba yangu alikuwa mkagua mabehewa. Alitembea kando ya treni iliyosimama, ameshika nyundo ya mpini mrefu, akigonga gurudumu moja moja na kutega sikio. Gurudumu zima hulia kama kengele, na lenye ufa hulia kama sufuria. Aliifanya kazi hiyo tangu kabla sijazaliwa. Mimi ni kitinda mimba, dada na kaka zangu walikuwa wamekwisha kutoka nyumbani, na Baba alikuwa na mvi ambazo baba wa wenzangu hawakuwa nazo. Jioni moja tukiwa tunakula, akasema, kama anayezungumzia hali ya hewa, kwamba mwezi unaofuata anastaafu na tutahamia mtaa wa Umoja.

"Na hii nyumba?" nikauliza.

"Nyumba ni ya kazi, mama," akasema. Aliniita mama kwa kuwa nina jina la mama yake. "Kazi ikiisha, unaacha ufunguo kwa ofisi, anaingia mwingine."

Sikuelewa. Ile nyumba kwangu ilikuwa kama pua yangu. Nani amewahi kuambiwa pua yake ni ya kazi?

Mama aliendelea kuokota mboga na tonge lake. Mimi nikaanza kupiga hesabu zangu za kitoto. Watoto waliokwisha kuhama mtaani niliwakumbuka, na niliwakumbuka wale tu walioacha jengo. Yule aliyejenga daraja tulimtaja kila siku treni ilipopita juu yake. Dada yake, aliyekuwa mchangamfu kuliko yeye lakini hakujenga kitu, hata jina tulianza kubishania. Basi nikajua wazi ninachokitaka. Kabla hatujahama, lazima niwe na jengo Reli Ndogo, lenye jina langu chini yake. Nikihama bila jengo, nimehama kabisa.

Nikaamua kujenga stesheni. Kubwa. Reli Ndogo haikuwa na stesheni ya maana, treni ilisimama tu mahali Inspekta alipotaka, kwa hiyo nilijua hawana jinsi ya kuikataa. Nilitafuta katoni iliyo safi, nikakata kuta, nikaweka saa ya ukutani iliyochorwa kwenye kitufe cha shati, nikajenga na jukwaa la abiria lenye kivuli cha mabati kilichosimama juu ya vijiti vya meno. Kwa kipimo nilitoa njiti mpya kabisa ndani ya kibiriti cha Mama, maana kazi nzuri inataka kipimo safi. Nilifanya kazi kila nikitoka shule, ulimi ukiwa nje, mpaka nikaimaliza. Ilikuwa nzuri jamani. Hata leo nasema ilikuwa nzuri.

Nikaibeba juu ya sinia nikaipeleka, watoto wamenifuata nyuma kama arusi.

Owino akalala kifudifudi kama kawaida yake, akamtoa Bwana Njiti mfukoni, akamsimamisha mlangoni. Halafu Kamau akacheka, akajizuia, akashindwa.

"Nafu," Owino akasema, "hebu cheki vile Bwana Njiti anakaa. Anakaa kama mtoto ametumwa dukani."

Bwana Njiti alikuwa ameungua. Njiti ikiungua, kichwa kinaanguka na kiuno kinakunjamana, inafupika. Mimi nilipima kwa njiti mpya yenye kichwa chake chekundu. Mlango ulikuwa mkubwa mno, dirisha lilikuwa juu ya utosi wake, na benchi la abiria lilimfika kifuani. Walipojaribu kupitisha treni, jukwaa likawa refu kuliko behewa. Abiria wangeshuka kwa kupanda.

"Imekataa," Owino akasema.

"Imekataa aje? Si ni mlango tu!"

"Hii stesheni ni ya majitu. Enda utengeneze ingine."

Kutengeneza nyingine, na siku ndizo hizo zimekwisha! Nililiweka sinia chini nikalia mbele ya kila mtu, kilio kile cha kamasi, ambacho msichana wa umri wangu alipaswa kuwa amekiacha. Kamau akaniambia tunaweza kumtafutia Bwana Njiti viatu virefu. Alikuwa anajaribu kusaidia. Nililia zaidi.

Baba alinikuta hapo. Alikuwa kwenye likizo yake ya mwisho kabla ya kustaafu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu alikuwa mtaani mchana wa siku ya kazi, akizunguka na mikono nyuma, hajui pa kuiweka. Watu walimsalimia, "Mzee, leo hauko kazi?" naye akajibu, "Niko likizo kidogo," ilhali wote walijua. Hakuna mzazi aliyewahi kukanyaga Reli Ndogo isipokuwa kuja kumvuta mtu sikio. Tukasimama wote wima.

"Hebu nionyesheni hii reli yenu," akasema.

Akachuchumaa. Akaokota kijiti, akaanza mwanzo wa treni, akigonga kizibo kimoja kimoja na kuinamisha sikio, bila haraka, kama alivyofanya kazini. Hakuwa anatutania, au kama alikuwa anatutania hakuonyesha. Alipofika behewa la katikati akasimama, akagonga tena.

"Hili linaumwa. Litoeni kabla halijaua mtu."

Kamau akalipindua. Kizibo kilikuwa na ufa kweli. Mnafikiri kulikuwa na mtoto aliyepumua? Owino alivua kofia.

Baba akaendelea kukagua, sasa majengo. Akaangalia tangi, akaangalia bohari jipya la Kamau la gundi ya ngano, akaangalia kibanda cha ishara. Kisha akamwona Bwana Njiti amelala kwenye kokoto mahali Owino alipomwacha.

"Na huyu ni nani?"

"Ni mfanyakazi wa reli, mzee," Owino akasema.

"Yeye hulala wapi?"

Owino akamwokota Bwana Njiti, akampangusa vumbi.

"Hulala... kwa bohari," Owino akajaribu.

"Na bibi yake?"

"Hana bibi."

"Hana kwa sababu hana nyumba. Ni nani atampatia msichana wake mtu anayelala juu ya magunia?" Tukacheka, naye akacheka. "Mizigo mmeipatia pa kulala. Maji yako na tangi. Hata makaa ya mawe yako na kibanda. Sasa mtu ndiye hana."

Ilikuwa kweli tupu. Sisi watoto wa nyumba za reli, tuliozaliwa ndani ya nyumba za reli, tulikuwa tumejenga reli nzima na hakuna hata mmoja aliyekumbuka nyumba. Tulijenga kazi za baba zetu tu. Nyumba kwetu hazikuwa jambo, zilikuwa mahali unapoitwa uende kuoga. Baba akainuka, akajipangusa magoti, akaitazama laini yetu ya nyumba kutoka mwanzo hadi mwisho. Uso wake ulibadilika. Nilimwona, nikajua hamwazii Bwana Njiti.

Jioni ile niliibomoa stesheni. Katoni yake ndiyo niliyojengea nyumba.

Safari hii nilipima sawasawa. Niliokota njiti iliyoungua chini ya jiko, nikamwomba Baba asimame mlangoni kwetu, nami nikarudi nyuma mpaka kwenye kamba za nguo. Nikanyoosha mkono, nikafumba jicho moja, nikaisogeza njiti mpaka ikalingana na Baba kuanzia kisigino hadi kichwa. Hapo, bila kutingisha mkono, ukiusogeza pembeni unaupima mlango kwa njiti, na dirisha, na ukuta mpaka kwenye paa. Kazi hiyo inataka mtu asiyejitingisha, na Baba alisimama pale kwa muda mrefu kama askari wa ikulu.

"Mzee, unafanya nini hapo?" jirani aliyekuwa anapita akauliza.

"Napimwa," Baba akasema, bila kugeuza shingo.

Mama akatokea nyuma yake na beseni. "Unapimiwa nini mlangoni? Suti?"

Nilijifunza nyumba yetu siku zile za mwisho kuliko miaka yote niliyoishi ndani yake. Nilijua sasa kwamba dirisha la jikoni lilikuwa na doa la moshi juu yake lenye umbo la sikio, nikalipaka kwa unga wa makaa. Nilijua kizingiti kilikuwa chekundu pembeni na kijivu katikati, pale miguu yetu ilipokula polishi. Nilijua bati moja la paa halikufanana na mengine, nikamuuliza Baba, naye akaniambia lilibadilishwa mwaka kaka yangu mkubwa alipopanda juu kufuata mpira. Kwenye nyumba yangu ya katoni nikaweka bati moja lisilofanana na mengine.

Mama, aliyekuwa amelalamika wiki nzima kuhusu wembe na unga, alikuja akasimama nyuma yangu siku moja. Akaniangalia kazi. Akaingia ndani, akarudi na kipande cha pazia la sebuleni alichokikata pembeni ambako hakutaonekana.

"Kama hiyo ni nyumba yangu, haiwezi kukaa bila pazia," akasema. "Watu watasema nini?"

Baba alikuwa na neno moja tu. Milango ya majengo yote ya Reli Ndogo ilikuwa imekatwa ikaachwa wazi, au imechorwa tu. "Wa kwetu ufunguke," akasema. "Mtu akitoka kazini usiku afungue mlango wake." Akakata kitambaa kidogo kwenye mguu wa ovaroli yake ya kazi, ile ya buluu, nami nikakifanya bawaba. Hakuonekana kuihurumia ovaroli. Mimi ndiye niliyeihurumia.

Siku ya ukaguzi sikubeba sinia, nilibeba kwa viganja viwili. Owino akalala kifudifudi. Akausukuma mlango kwa ukucha, ukafunguka. Bwana Njiti akapita wima, kichwa kikiwa chini ya kizingiti cha juu kwa unywele. Owino akamwingiza mpaka ndani, akautoa mkono, akaufunga mlango.

"Owi, mbona umemfungia?" Kamau akauliza.

"Amechoka," Owino akasema. "Wacha alale."

Hakuna aliyecheka. Baadaye akaipindua nyumba, akanipa wembe, nikachonga NAFULA, herufi ya mwisho ikapinda kwa sababu wembe uliteleza. Nilikuwa mtu wa Reli Ndogo.

Mnajua kilichofuata. Kila mtoto alitaka nyumba. Owino mwenyewe aliacha ishara zake akaanza kumsimamisha baba yake mlangoni, Kamau akagombana na mama yake kwa sababu hataki kusimama wima, na mimi nilikunja mabati mpaka ukucha wa kidole gumba ukawa mweusi. Treni ilisahaulika siku nyingi. Tulipohama, kando ya Reli Ndogo kulikuwa na laini nzima ya nyumba za wafanyakazi, na yetu ilikuwa ya kwanza.

Siku ya kuhama yenyewe ilipita haraka. Vitu vyetu vilipakiwa kwenye lori, vikaonekana vichache na vya aibu kidogo, kama vitu vyote vinavyotolewa nje mchana. Baba alimpa mtu wa ofisi ufunguo, yule mtu akautia mfukoni akaondoka akipiga mluzi. Baba alibaki akiutazama mkono wake.

Umoja palikuwa pazuri, sitaki kupasema vibaya, watu wa Umoja mnanijua. Nyumba zilikuwa mpya, maduka yako karibu, na kila mtu alikuwa anaongeza chumba. Lakini Baba alikaa nje kwenye kiti kutwa nzima, na kila ulipomuuliza anataka nini alisema hataki kitu. Mama alisema ni kuzoea. Mimi nilijifariji kwamba angalau kule Makongeni kuna nyumba yetu imesimama, ina pazia na ina jina langu.

Jumapili moja, baada ya kanisa, Mama akanichukua twende tukasalimie watu. Nilikimbia moja kwa moja nyuma ya kamba za nguo. Nikakuta treni inakwenda, na anayeisukuma, akilia kama treni kwa sauti nzuri kuliko yangu, ni msichana nisiyemjua. Mbele ya nyumba yangu kulikuwa na kibanda cha kuku. Pazia lilikuwa limebadilishwa.

"Ni nani ameguza nyumba yangu?" nikapiga kelele.

Owino akasukuma kofia juu. "Sasa Nafu. Huyu ni Wambui. Yeye ndio anakaa hapo."

"Anakaa aje? Ni yangu! Ilipita!"

"Si ulihama?" Hakuwa na ubaya wowote usoni, alikuwa anaeleza sheria. "Nyumba ni ya kazi. Fathe yake ndio anagonga magurudumu saa hii."

Nilimwangalia Kamau anitetee. Kamau aliangalia vidole vyake vya miguu. Nikainyakua nyumba nikaipindua, nikiwa na uhakika nitakuta jina langu limekwanguliwa, na nikiwa tayari kabisa kupigana. Jina lilikuwepo, na herufi yake iliyopinda. Chini yake, kwa herufi ndogo, kama mtu anayeomba nafasi kwenye benchi, palichongwa WAMBUI.

"Sikuifuta," yule msichana akasema. Alikuwa ananiogopa kidogo. "Nilikuwa nataka kukuuliza. Huo mlango wa ukweli, wa nyumba kubwa, hukataa kufunguka. Mathe huwa anabaki nje na shopping. Nyinyi mlikuwa mnafanya aje?"

Nilitaka kuendelea kukasirika. Nilijaribu. Lakini jibu la hilo swali katika Nairobi nzima tulilijua watu wa nyumba yetu tu, na mmoja alikuwa mimi.

"Unainua kwanza," nikamwambia. "Unashika hapa kwa kitasa, unainua juu kidogo, ndio unasukuma na goti."

Akakimbia kwenda kujaribu. Tukasikia mlango wa kwetu ukifunguka, ule mlio wake, kisha sauti yake ikiita, "Imekubali!" Tulicheza mpaka Mama aliponiita mara ya tatu.

Jioni nilimsimulia Baba, nikitarajia anihurumie na amlaani Owino. Baba alicheka. Alicheka mpaka kiti kikalia, kicheko ambacho hatukukisikia tangu alipostaafu, akasema yule kijana atakuja kuwa mkubwa wa reli. Kisha akanigeukia.

"Umemwambia ainue kwanza?"

"Nimemwambia."

"Na asukume na goti?"

"Ndiyo, Baba."

Akavuta pumzi ndefu. "Basi sasa ndio tumekabidhi nyumba," akasema, akainuka kwenye kile kiti akaenda kumuuliza Mama kama kuna mlango wowote hapo Umoja unaotaka kutengenezwa.

Siku hizi nakaa mtaa unaoitwa Tena, ghorofa ya nne, nimepanga. Mwanangu Brayo anajenga miji mizima ndani ya simu, ina maghorofa, ina viwanja vya ndege, na mwaka jana simu ilipoangukia chooni mji wote ukazama na watu wake, naye akaomboleza kwa dakika tano kisha akaanza mwingine. Mimi jioni nikitoka kazini nakunja mabati ya vijumba mezani. Karatasi ya fedha imekuwa ngumu kupata, wavutaji wanaona haya, inabidi niwaombe vijana wa kinyozi wanitunzie, na nina hakika wanafikiri mama wa watu amepotea. Brayo hupita akaniangalia. "Mathe, si uitishe tu kwa mtandao?" Namwambia ndiyo, nitaitisha. Siwezi kumweleza.

Mitaa yetu sasa ina mageti ya chuma, walinzi, na kamera kila pembe. Watu wanahamia na kuhama kimyakimya, lori linakuja asubuhi, na jioni kuna viatu vya watu wengine mlangoni. Aliyelala chumba changu kabla yangu simjui hata jina. Aliniachia matundu ya misumari ukutani tu, nikakisia alitundika nini. Nasi pia iko siku tutahama hapa. Nimekwisha kuamua, siku hiyo sitaondoka mpaka nimsubiri anayeingia, hata kama lori linapiga honi, nimwambie kwamba bomba la jikoni hulia kama mtu kabla maji hayajaja, na asiogope.